Subaru iliyokataa gia Kilifi: kisa kizima cha fluidi ya klachi

Gari ililetwa gerejini kwangu Malindi Jumatatu asubuhi ikivutwa na kamba nyuma ya pikapu. Impreza WRX ya manuali, ile ya macho ya mviringo ya mwanzo wa miaka ya 2000, buluu yake ishaanza kufifia kwenye boneti kwa jua la Malindi, na mwenyewe, kijana wa Mambrui, kakaa ndani kashika usukani na uso umemshuka. Kabla hajatoka nshamwona na simu sikioni. Alikua anampigia kakake wa Watamu kumuomba pesa, manake usiku wa jana kuna gereji alipita njiani wakamwambia klachi imekufa, giaboksi ishuke, iwekwe pleti mpya, ile sahani inayoshikanisha injini na giaboksi, presha pleti inayoibana, rilizi beringi, na flaiwili nayo pengine ikachongwe. Bei waliyomtajia sitaiandika hapa lakini ni ya kumfanya mtu afikirie kuiuza gari.

Nikamwambia mdogo wangu, kata simu kwanza, nieleze gari ilifanya nini, yale uliyoambiwa yaache kando.

Akaeleza. Jumapili jioni alikua anatoka Mombasa, jam ya Mtwapa ikamkamata karibu saa nzima, namba moja, klachi, namba mbili, klachi, anasonga mita tano anasimama, eesi inavuma, injini imechemka kama kawaida ya jam. Alipotoka hapo gari ikaenda vizuri tu. Kukaribia Kilifi akahisi pedali imekua nyepesi, akifika kwenye bamsi ataka namba mbili, giaboksi yasaga, na alipotaka kurudi nyuma kidogo rivasi ikakataa kabisa. Akaegesha. Akanunua madafu, akakaa kama nusu saa hivi, akarudi kwenye gari akakanyaga, pedali imerudi! Si yote, lakini imerudi. Akaendelea mpaka Gede, bamsi za pale zikammaliza, pedali ikashuka chini ikabaki huko, gari akailaza kwa mjombake.

Sasa hapo kwenye madafu ndo kisa chote kilipo na nataka msomaji akae hapo kidogo. Pleti iliyoisha haiponi kwa kupumzishwa nusu saa. Ikiisha imeisha. Kitu kinachoharibika kikipata moto na kurudi kikipoa ni cha majimaji, ni presha, na mimi kabla sijafungua boneti nilikua nshaanza kuona njia.

Wengi hapa mjini wanachanganya magonjwa mawili ya klachi, na kuchanganya huko ndo kunakomaliza pesa za watu. La kwanza ni klachi kuteleza: wakanyaga mafuta, injini yalia juu, mshale wa mizunguko wapanda lakini gari haisogei sawa na kelele, saa nyingine kuna harufu ya kuungua. Huyo mgonjwa wa pleti. La pili ni klachi kutoachia: umekanyaga pedali mpaka chini lakini injini na giaboksi bado zimeshikana, kwa hivyo gia zasaga, rivasi yakataa, gari yataka kuondoka na mguu wako uko chini. Hapo ni kweli yaweza kua presha pleti au foki, siwezi kusema haiwezekani, lakini mwanzo wa kutafuta ni kwenye fluidi, yale majimaji yanayopeleka nguvu ya mguu wako, na masta zake mbili, yaani silinda za kusukumia, ya juu inayosukumwa na pedali na ya chini iliyokaa juu ya giaboksi inayosukuma foki, ule mkono unaoachia klachi. Kijana gari yake haikuteleza hata mara moja. Aliambiwa ashushe giaboksi kwa ugonjwa ambao hana.

Nikaipima. Malindi ni tambarare, huna mlima wa kujaribia klachi, kwa hivyo nafanya hivi: hendibreki juu, mtu asipite mbele wala nyuma, natia namba nne, naongeza mafuta kidogo naachia klachi. Kama pleti imechoka injini itaendelea kuunguruma. Yake ilizima papo hapo, pap. Maana yake pleti yashika. Alafu nikapampu pedali mara nne tano haraka haraka, nikatia namba moja, ikaingia bila kelele. Nikaendelea kushikilia pedali chini bila kuachia, nikahesabu, kufika kumi na kitu gari ikaanza kujivuta mbele polepole. Hewa, ama fluidi yapita mahali isipotakiwa kupita. Nikamwita mwenyewe aje ashuhudie kwa macho yake, sikutaka aniamini kwa mdomo tu.

Ndo tukafungua kile kikopo kidogo cha klachi. Kwenye gari hii klachi ina kikopo chake, haichangii na breki, na hii ndo sababu kinasahaulika, mtu abadilisha fluidi ya breki aona kazi imekwisha. Kifuniko kilikua kipo lakini ile raba ya ndani, ile inayokunjika na kushuka pamoja na fluidi ikipungua ili hewa isiguse, haikuepo. Fundi gani aliitupa na lini hatujui. Na fluidi yenyewe… nyeusi kama kahawa tungu, na chini kuna tope laini ukilisugua kati ya vidole lakwaruza. Fluidi mpya ni rangi ya asali nyepesi, waona mpaka chini ya kikopo.

Nikatoa tone moja nikalitia kwenye gilasi ya maji. Hii naifanya kwa kila gari nisiyoijua historia yake na naomba kila mtu aifanye. Breki fluidi ya kawaida yayeyuka ndani ya maji, yapotea. Kama mtu aliongeza oili ya stiringi au ya giaboksi otomatiki, na hua wanafanya hivyo wakiona kiwango kimeshuka na chupa ya karibu ni hiyo, itaelea juu kama uto wa nazi. Ikielea, basi raba zote za mfumo ule zimekunywa mafuta na zimevimba, na hapo hakuna dawa ya kubadilisha fluidi tu, raba zote zatoka. Tone la huyu kijana likayeyuka. Nikashukuru.

Kwa nini fluidi yaharibika wakati hakuna mahali yaenda? Kwanza twaita oili lakini si oili, ni glaikoli, na glaikoli yapenda maji kupita kiasi. Hapa kwetu masika chumvi yarowa ndani ya kopo jikoni na kopo limefunikwa, basi fikiria kikopo kisicho na raba, pwani, mwaka baada ya mwaka. Maji yakiingia kiwango cha kuchemka chashuka. Fluidi hizi zina madaraja yaitwayo DOT. DOT 3 ikiwa mpya kabisa yatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ikishakunywa maji asilimia 3.7, ambayo ndo kipimo chao cha fluidi iliyorowa, inaruhusiwa kushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 mpya na 155 ikirowa, na DOT 5.1 ni 260 na 180. Hiyo ya kijana ilikua imepita kipimo chochote cha kurowa, naamini hivyo kwa tope lile.

Na kumbuka masta ya chini imekaa wapi. Iko juu ya giaboksi, nyuma ya injini, chini ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo, na paipu ya egzosti kutoka kwenye turbo inateremka hapo karibu. Kwenye jam hakuna upepo unaopita. Moto wapanda, maji yaliyo ndani ya fluidi yageuka mvuke, na mvuke hukandamizika, fluidi haikandamiziki. Kwa hivyo mguu wako wakandamiza mvuke badala ya kusukuma pistoni. Ukikaa unywe madafu, mvuke wapoa warudi kua maji, na pedali yarudi. Fluidi ya klachi tena haizunguki kama oili ya injini, yaenda mbele yarudi nyuma hapo hapo kwenye paipu nyembamba, kwa hivyo ile iliyoungua chini yabaki kuunguzwa kila siku, na vumbi la raba linalosagika labaki humo humo.

Kijana akaenda dukani akarudi na chupa mbili, moja DOT 4 na nyingine DOT 5, akasema fundi si namba kubwa ndo bora. Nikamwambia hiyo 5 irudishe. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine, ni ukoo mwingine kabisa. 5.1 ndo ya ukoo wa 3 na 4. Walioweka majina haya walitukosea sana sisi wa huku chini. Tukabaki na DOT 4. Na chupa iwe mpya, sili haijakatwa. Mimi nina chupa nusu nusu gerejini hapo kwenye rafu na sizitii kwenye gari ya mtu, zimekaa wazi zimekunywa hewa ya bahari, naoshea vitu tu.

Kazi yenyewe. Tulitoa intakula, ni klampu na bolti chache, na jambo la kwanza baada ya kuitoa nikaziba mdomo wa turbo na ule wa injini kwa vitambaa safi, manake nati ikitumbukia humo utasahau habari za klachi. Tukafyonza fluidi nyeusi kwenye kikopo kwa sirinji, nikapangusa ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi mpaka tope likaisha, ndo nikatia mpya. Usianze kusukuma kabla hujapangusa, utalipeleka tope lote kwenye masta. Alafu mpira mwembamba kwenye nipo, ile skrubu yenye tundu ya kutolea hewa, ya masta ya chini, upande wa pili umezama kwenye chupa yenye fluidi kidogo ili hewa isirudi.

Kijana wangu wa gereji akakaa kwenye pedali. Kanyaga. Shikilia. Nafungua nipo, yatoka, nafunga. Achia. Pedali ilikua hairudi yenyewe, alikua aivuta kwa mkono. Mara za kwanza ilitoka nyeusi ina mapovu madogo madogo mengi, kama povu la sabuni, alafu ikaja rangi ya chai, kila baada ya mara tano sita naangalia kikopo kisikauke, kikikauka wavuta hewa waanza upya. Tulipokua karibu kumaliza chupa ya nusu lita ikatoka safi. Pedali ikasimama. Nzito, nzuri, yashika juu. Iliyomwagika kwenye bodi tuliimwagia maji mengi haraka, manake fluidi hii yala rangi, na uzuri wake ni kua kwa vile yapenda maji basi maji yaitoa.

Tukaenda nayo mpaka Casuarina tukarudi, gia zaingia kama siagi, kijana acheka mwenyewe. Akanikumbusha dereva McRae alivyoshinda mbio za Safari Rally 1997 na mwenzake Burns mwaka 2000, wote na Impreza, mambo yaliyotokea yeye hajazaliwa ama bado mchanga, na huwezi kumlaumu, hii gari ina historia na nchi hii. Nikamwambia iache ilale hapa, asubuhi tuiangalie tena ndo uondoke. Silipendi gari liondoke siku ile ile.

Asubuhi pedali iko chini.

Hapa ndo nataka niseme wazi kosa langu, kwa sababu hii ndo sehemu ambayo mtu akiijua mapema ataokoa kazi ya siku nzima. Kosa la kwanza, sikuifunua ile raba ya vumbi ya masta ya chini kabla ya kuanza. Niliiona kavu kwa nje nikaridhika. Asubuhi nilipoifunua kwa bisibisi ndogo, fluidi mpya safi ikachuruzika. Kosa la pili, nilimwacha kijana wangu akanyage pedali mpaka ikagusa sakafu kila mara.

Angalia inavyokua. Silinda ya zamani, yaani hiyo masta, ndani yake ina sehemu inayotumika kila siku, raba yapita hapo yapasugua, pabaki pang'avu. Nje ya sehemu hiyo maji na tope vimekaa miaka, ukuta umeliwa, una vishimo na ukoko mkali. Gari hii kwa vile ilikua na hewa, pistoni ya chini kwa miezi ilikua yatembea kidogo tu. Mimi nimetoa hewa, pistoni sasa yaenda safari yake yote, raba laini ya zamani yapanda juu ya ule ukoko, yakatika. Na juu vilevile, masta ya pedali ikisukumwa mpaka mwisho raba yake yaingia mahali haijawahi kuingia. Kwa hivyo kwenye gari iliyosahaulika muda mrefu, weka kipande cha mbao chini ya pedali, kiizuie isifike sakafuni, na ukanyage polepole. Nilikua najua haya kwenye breki, kwa klachi sikuyatilia maanani, na yalikua yale yale.

Nikamwambia mwenyewe ukweli. Nikamwambia fluidi niliyotia haitalipiwa mara mbili, na hii silinda ilikua itakufa tu lakini ilifia mikononi mwangu. Akaniuliza, fundi kwani bado si klachi? Nikamuonyesha vidole vimerowa. Klachi pleti yako ni nzima.

Tukaitoa, bolti mbili na ile ya paipu. Nilipochomoa pistoni raba ilikua na mkato mdogo kama wa wembe, na ukuta wa silinda mdomoni una vishimo hata ukucha wakwama. Kuna repea kiti, raba mpya peke yake, ni rahisi sana, na kama ukuta ungekua laini ningeitia. Lakini raba mpya juu ya vishimo ni kazi ya mwezi mmoja, itakatika tena. Tukaagiza silinda nzima Mombasa, ikaja jioni na matatu kama parseli, na washa mpya za shaba, zile pete za kuzibia, za ile bolti ya paipu, usirudishe za zamani, zishalala zitavuja.

Kutoa hewa kwenye silinda mpya ya Subaru kwa pedali peke yake kwaweza kukutia wazimu, povu moja lajificha mahali na pedali yabaki laini kama sponji. Nilichofanya, nikiwa nshafunga paipu, silinda sikuifunga kwenye giaboksi, niliishika mkononi nipo ikitazama juu, nikasukuma rodi ndani polepole kwa kidole gumba, nikaiachia polepole, nikasukuma tena, na kijana wangu yuko juu ya kikopo ahesabu mapovu yanayotokea. Yalitoka manane makubwa, alafu madogo, alafu hakuna. Wakati huo mtu yeyote asiguse pedali, narudia, asiguse, pistoni itaruka nje na fluidi yote. Ndo nikaifunga mahali pake, tukamalizia kwa pedali na mbao yetu chini, mara kumi na mbili hivi, taratibu.

Masta ya juu nayo niliikagua, nikaingiza mkono chini ya dashibodi pale rodi inapoingilia, pakavu, kapeti kavu. Nikaacha pedali na ulegevu wake mdogo juu kabla haijaanza kusukuma, ukiikaza sana ule upenyo mdogo wa fluidi kurudi kikoponi waziba na klachi haitashika sawa. Kifuniko tulipata chenye raba kutoka kwa gari iliyokua yavunjwa spea huko huko Mombasa.

Ikalala tena. Asubuhi pedali iko juu palepale nilipoiacha. Nikawasha, nikakanyaga, nikahesabu mpaka thelathini na mguu chini, gari haikusogea hata inchi, nikatia rivasi, ikaingia kimya.

Nimemuandikia tarehe kwenye kipande cha teipu nikakibandika chini ya boneti, na chini yake tarehe ya kurudi baada ya miaka 2, ingawa kwa hewa ya hapa nilimwambia akipita njia hii wakati wowote aingie tufungue kifuniko, hakuna malipo ya kutazama. Miezi mitatu baadae kaja. Fluidi imekoza kidogo tu, bado naona chini ya kikopo. Kakake wa Watamu alikua amekaa kiti cha abiria, walikua watoka Mombasa, na wamepita jam ya Mtwapa ile ile na pleti ile ile ya zamani.